Mstari wa Mafuta

Shauri Moyo, Nairobi
4 Machi 1984

Waithera,

Hata haya huoni? Krismasi nyingine imepita na mahali pako mezani hapana mtu. Watoto wa wenzangu wakienda Ulaya hurudi, hata kama ni kuja kuringa na koti. Wewe umeganda huko Aberdeen kama mafuta ya Kimbo, na barua zako zote zinashukia Buru Buru kwa baba yako, kana kwamba mimi nyanya yako niliyekupa jina langu nilishazikwa. Ulipozaliwa nilikutemea mate ya baraka kifuani nikasema, huyu ni mimi wa pili. Sasa mimi wa kwanza nauliza: huyo wa pili yuko wapi?

Nimeanza na ugomvi ili salamu zipate nafasi ya kukaa. Sisi hatujambo. Baba yako Kinyanjui amefanywa mzee wa kanisa, na siku hizi hata akiomba chumvi anafumba macho. Mama yako Teresiah bado anaimba kwaya, na sauti ni ileile, Mungu amvumilie. Mbuthia wa bucha pale soko la Burma anauliza utaolewa lini. Nimemwambia apunguze tumbo kwanza. Anayeniandikia ni Asenath, jirani wa mlango wa pili, Mluhya wa kiwanda cha blanketi. Nimemwambia aandike kila neno kama linavyotoka kinywani.

(Mimi Asenath: naandika hivyo hivyo, dada. Nisamehe.)

Sasa neno lenyewe. Paja langu la kulia linaniuma, ndani, si juu. Usiniambie ni uzee. Uzee naujua, tunalala kitanda kimoja. Hiki ni kitu kingine, kimekaa ndani ya nyama kama mgeni aliyekuja na mizigo yake. Siwezi tena kusimama kibandani kukata matumbo mpaka saa sita. Baba yako alinipeleka hospitali wakanipiga eksirei, kisha akakutumia ile karatasi nyeusi kwa posta, maana wewe ndiye unayesomea kazi hiyo ya kupiga wagonjwa picha. Tangu hapo, kimya. Uliiona? Ulinikuta humo ndani?

Nijibu mimi, si Buru Buru. Nakutemea mate kifuani, yafike yakiwa moto.

Cucu wako


Aberdeen
9 Aprili 1984

Cucu mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Umenichapa kwa barua na alama zimebaki. Mimi ni mzima. Baridi ya hapa hata ile ya Limuru haiifikii. Mwenye nyumba ninayopanga ni mjane mwenye paka mkali, na kila asubuhi ananipikia uji wenye chumvi. Ungemfukuza jikoni.

Masomo yanaenda vizuri. Mwaka huu tunafundishwa mpaka ile mashine mpya ya sumaku. Mgonjwa hulazwa ndani ya bomba kubwa lenye kelele, na hakuna miale yoyote inayompitia. Watu husafiri kutoka mbali kuja kuiona.

Picha yako niliipata mwezi wa pili na nikamwandikia Baba mara moja. Eksirei yako ni safi, Cucu. Mfupa wa paja hauna ufa wala tundu, na nyonga yako ni nzuri kuliko za akina mama wa hapa wa umri wako. Jipumzishe. Usiinue ndoo. Msalimie Asenath, na mwambie hati yake inasomeka vizuri.

Waithera


Shauri Moyo
20 Mei 1984

Waithera,

Salamu za leo ni fupi. Tuko hai. Mvua imelowesha soko lote la Gikomba, na Mbuthia ameoa mke mwingine. Salamu zimeisha.

Jumapili baba yako alitoka kanisani akaja Burma na suti yake. Nilikuwa nimeketi juu ya kreti, mguu nimeunyoosha, mama yako ameshika kisu changu. Kinyanjui akasimama katikati ya vibanda, akasafisha koo kama anayetaka kusoma matangazo ya ndoa.

"Mama, daktari wetu mwenyewe amejibu kutoka Ulaya. Wewe ni safi."

"Safi wapi?"

"Kila mahali. Picha imesema. Mguu hauna kitu."

"Na hiki kinachoniuma ni nini, Kinyanjui?"

"Mama, kusema kazi imekuchosha si dhambi. Lakini usiusingizie mguu."

Mbuthia akagonga gogo lake la nyama kwa shoka. "Kumbe Cucu ulikuwa unatuchezea! Hata ng'ombe wa mnada hajui kuchechemea vizuri hivyo!" Watu wakacheka, Waithera. Wateja wangu. Watu niliowapunguzia bei watoto wao wakiwa wagonjwa. Sasa nikipita wananiita Mama Safi. "Mama Safi, leo ni mguu gani?" Kibanda kimebaki kwa mama yako, na hospitali baba yako amesema hatanirudisha kuwasumbua watu kwa ugonjwa ambao haupo.

Mwanangu kunidharau nimezoea, alianza akiwa na meno mawili. Lakini siku ile alikuwa na neno lako mdomoni. Nilipomwuliza nani kasema, alijibu, "Somo yako." Nimeitwa mwongo sokoni na jina langu mwenyewe.

Jana nilimshika Asenath mkono nikauweka pajani. Mwambie, Asenath.

(Mimi Asenath: ni kweli, dada. Ukigusa juu hakuna kitu. Ukibonyeza mpaka ndani, kuna kitu kigumu kama yai la bata. Hakisogei. Nilitoa mkono kwa woga.)

Basi nieleze, wewe msomi. Picha inawezaje kuwa safi na mkono wa mfuma blanketi ukaona? Hapa kuna mwongo mmoja. Ni mashine, ni mimi, au ni wewe.

Mate ya leo nimeyameza.

Cucu


Aberdeen
2 Julai 1984

Cucu,

Nimechelewa. Barua hii nimeianza nikaichana, nikaianza tena. Sikujua Baba angesimama Burma kuisema. Naomba Asenath asome polepole.

Mashine haikudanganya, wala wewe. Kosa liko kwenye neno safi. Fikiria ng'ombe mzima ametundikwa kwa Mbuthia, nawe umwangalie kwa eksirei. Mifupa ingetokea myeupe, kila ubavu mahali pake. Lakini nyama, ini, figo na damu vyote vingekuwa ukungu mmoja wa kijivu, maana miale huvipita karibu sawasawa. Ukificha figo katikati ya mnofu, eksirei haitakuonyesha. Kwa hiyo tukisema safi, tunasema mfupa. Nyama hatujaiona.

Kila mashine ina kinachoonekana kwake na kinachojificha. Ile ya kompyuta huzungusha miale na kutoa picha kama kipande kilichokatwa kwa msumeno wa bucha. Hapo mafuta yanajitenga vizuri na nyama, lakini uvimbe unaweza kufanana na msuli ulio karibu nao mpaka mtu adungwe dawa kwenye mshipa. Picha ya sauti, ile wanayowaangalia nayo wajawazito, inajua sana kutenganisha maji na kitu kigumu. Maji huwa meusi matupu, kigumu hurudisha mwangwi. Na hii ya sumaku, Cucu, ndiyo bingwa wa nyama. Mafuta yanang'aa, msuli uko kijivu, kano ni nyeusi kama wino, na tukibadilisha namna ya kuusikiliza mwili, uvimbe wenye majimaji unawaka kama taa katikati ya msuli. Lakini mfupa wenyewe, ule ugumu wake wa nje, unatokea mweusi tu. Kinachong'aa kwa mmoja ni giza kwa mwingine.

Hata eksirei ina kidokezo kimoja kidogo. Mafuta huonekana meusi kidogo kuliko nyama. Kati ya misuli ya paja kuna mstari mwembamba wa mafuta, na kwa mtu mzima huteremka umenyooka. Ukiwa umepinda, kuna kitu kinausukuma.

Nenda ukapigwe ile ya sauti. Usingoje.

Waithera


Shauri Moyo
29 Julai 1984

Waithera,

Tuko hai. Asenath amefiwa na shangazi huko Kakamega na amekwenda na kurudi, ndiyo maana nimekawia.

Barua yako nimeielewa. Usidhani kwa kuwa sijui A wala B nitashindwa kujua tofauti ya mfupa na mnofu. Nimekata matumbo maisha yangu yote, na hakuna siku niliyouziwa ini nikaambiwa ni mkia. Umefundisha vizuri. Mwalimu wako huko anajua kazi.

Lakini kama ulijua haya yote, mbona ulimwandikia baba yako "safi" peke yake, ikatembea uchi mpaka Burma? Ungesema, "Mfupa ni safi, nyama sijaiona." Karatasi ingeongezeka uzito? Stempu ingelia?

Hilo naliweka kando. Nina swali moja tu, na sitaki lingine lijibiwe kabla yake.

Mstari wangu ulikuwa umepinda?

Cucu


Aberdeen
3 Septemba 1984

Cucu mpendwa,

Pole kwa Asenath na msiba. Huku mvua haikati, na jua likitoka watu wanakimbilia ufukweni na makoti yao. Mitihani nimepita. Yule paka wa mwenye nyumba amezaa, na sasa analala kwenye sanduku langu la nguo, nimeshindwa kumtoa.

Kuhusu picha ya sauti, mweleze daktari kwamba maumivu yako ndani kabisa, na umwombe abonyeze palepale alipogusa Asenath. Usiache wakuandikie dawa ya kuchua pekee. Kama Baba hataki kukupeleka, nenda na mtu mwingine. Nakusihi, uende mwezi huu. Kula vizuri, na mguu uwe juu ya mto unapolala.

Nakuwaza kila siku.

Waithera


Shauri Moyo
30 Septemba 1984

Waithera,

Nilikuuliza kama mstari wangu ulipinda. Umenijibu habari ya paka.

Basi ulipinda.

Niliposikia Asenath ameifikisha barua mwisho bila jibu, nilimwambia aikunje. Uliona, mwanangu. Uliishika ile karatasi kwenye mwanga, ukaona mafuta yamesukumwa, ukaandika safi. Kinyanjui alisema mbele ya soko bila kujua. Wewe ulijua. Yeye amenipiga kofi mchana, wewe ulizima taa ukaondoka. Asenath, usilainishe hapo.

(Sijalainisha.)

Sasa sikiliza habari za hospitali. Asenath aliomba ruhusa kiwandani tukaenda naye, mimi nikimwegemea kama ukuta. Tukaketi kwenye benchi na wasichana wenye matumbo mbele. Mmoja akaniangalia sana, hakuweza kuvumilia.

"Cucu, hata wewe?"

"Hata mimi. Ila wangu amekaa pajani, anakataa kugeuka."

Benchi lote likaangua kicheko. Na Waithera, tangu Mei sikuwa nimecheka pamoja na watu. Nilikuwa nachekwa tu.

Ndani nilipakwa kitu baridi chenye utelezi, daktari akapitisha kidude kama pasi ndogo. Nikamwambia abonyeze mahali pa Asenath. Kwenye televisheni yao niliona uji wa kijivu ukichemka, sikuelewa kitu. Yeye akaacha kuongea. Ukiona daktari ameacha kuongea, jikaze. Halafu akasema, "Mama, hiki kingekuwa maji kingekuwa cheusi kitupu. Hiki kinarudisha mwangwi. Ni kigumu, kiko ndani ya msuli. Umekuwa nacho muda gani?"

Nikamwambia, "Tangu kabla sijawa mwongo."

Watakipasua mwezi ujao. Wamesema huenda mguu ukaenda nacho. Hawajui mpaka wafungue.

Baba yako nimempelekea habari. Hakuja. Najua anachoogopa. Baba yake aliingia chumba cha upasuaji akitembea akatoka amefunikwa shuka. Lakini mjane alikuwa mimi. Mwoga akishindwa kuibeba hofu yake humtwika mtu mwingine jina la mwongo, apate kulala. Wewe nawe uliogopa nini? Kwamba mtu akisema kifo kwanza ndiye aliyekileta? Ama baba yako alikuuliza mfupa tu, ukafurahi kuulizwa mfupa tu?

Kama nitarudi bila mguu, nitarudi. Nimekaa Shauri Moyo tangu wakati wa kipande cha mkoloni, mguu mmoja haunifukuzi.

Cucu


Aberdeen
22 Oktoba 1984

Cucu,

Baba aliniuliza kama mfupa ni mzima. Ndivyo alivyouliza.

Nimepata ruhusa. Nitakuja Desemba, kabla ya Krismasi. Sijui barua hii itakukuta nyumbani au wodini. Asenath, tafadhali, mtu yeyote aniandikie neno moja.

Waithera


Shauri Moyo
25 Novemba 1984

Waithera,

Mguu ninao. Nimelitanguliza hilo kwa sababu Asenath amekataa kuandika salamu kabla yake. Amesema hata Wazungu wana mioyo, itakuwa wewe.

Walikitoa chote. Nilimwambia daktari sitatoka pale bila kukiona, akaniletea kwenye sahani. Waithera, ni kama figo ya ng'ombe, kimejifunga ngozi yake mwenyewe, kinang'aa. Kingekuwa kwa Mbuthia kingeuzika. Walikipima wakasema ni cha aina ya kujirudia, lakini kilikuwa hakijatembea kwenda kwingine mwilini. Nitaangaliwa kila baada ya miezi kadhaa. Kingekaa mpaka mwaka mwingine, daktari alisema, wangekata hapa juu kabisa. Msuli mmoja umekwenda nacho, kwa hiyo natembea na fimbo. Mke mpya wa Mbuthia aliniletea supu ya kichwa. Mbuthia mwenyewe alisimama mlangoni akitazama viatu vyake, nikamwambia, "Ingia, ng'ombe wa mnada hang'ati." Aliingia. 

Baba yako alikuja siku ya pili baada ya kupasuliwa, na ndizi. Akaketi. Akavua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Mama, ile picha ilitudanganya."

Nikamwambia, "Picha haikudanganya mtu. Iliulizwa habari ya mfupa, ikajibu habari ya mfupa. Habari ya nyama nilikuwa nayo mimi. Nilikuwa hapa, mita mbili kutoka kwako, na mdomo ninao. Hukuniuliza."

"Nilikuuliza, Mama."

"Uliniuliza sokoni, ukiwa na jibu mfukoni."

Akalia, mzee mzima wa kanisa. Nikamenya ndizi moja nikampa, maana mtoto akilia hupewa kitu. Lakini sikumwambia yameisha. Kibanda amenirudishia na nimekichukua, mama yako atakata na mimi nitaketi nipokee watu. Hayo pia si kuisha. Kuna kitu ndani yangu ambacho hawakukiona walipofungua, na hakuna mashine yenu ya sumaku itakayokiwasha.

Wewe sijaacha kukupenda, hata dakika moja. Usilie juu ya hilo, ni la bure, ulizaliwa nalo. Nilipokuwa nalazwa kwenye kile kitanda cha magurudumu, jina nililoita ni letu. Lakini kukuamini ni kitu kingine. Nilikuwa nikisikia neno lako nalala. Sasa nikilisikia naligeuza upande wa chini kwanza, kama samaki wa Gikomba. Utanirudishia hilo kwa miaka, si kwa zawadi. Usiniletee blanketi, Asenath anazo.

(Ni kweli, dada. Karibu sana nyumbani.)

Desemba baba yako atakuja uwanja wa ndege na gari la mtu wa kanisa, na atataka upite Buru Buru, mama yako amekupikia. Kataa. Uje hapa na vumbi lako la safari. Ukikutana na watu wa Burma wakuulize nyanya yako anaendeleaje, waambie hujui. Ingia ndani, funga mlango, keti kitandani karibu na huu mguu, uniulize mimi mwenyewe. Na ukishauliza, nyamaza mpaka nimalize.

Cucu